Kofi Si Kahawa

Msonyo wa kwanza ulitoka kwa mzee wa kahawa, na yule mzee hasonyi ovyo. Kazi yake ni birika, mkaa na kugonganisha vikombe. Maneno anawaachia wateja. Lakini Juma wa bajaji alipomaliza kueleza linalomkosesha usingizi, mzee alishusha birika, akavuta ulimi kwenye meno, msyuuu, mrefu kama foleni ya Magomeni jioni. Kisha akammiminia kikombe chake kama kawaida, maana msonyo ni msonyo na biashara ni biashara.

Linalomkosesha Juma usingizi ni hili. Amemaliza mkataba wa bajaji. Ile miezi ya kupeleka hesabu kwa tajiri, mvua iwe, jua liwe, imekwisha, na kadi sasa inasoma jina lake. Kinachofuata kila mtu anakijua: maandishi ya kioo cha nyuma. Na Juma hataki ya kila mtu. Hataki "Mungu Mkubwa", hataki "Riziki Mafungu Saba". Anataka jina lake likae na neno la Kiingereza linalovutana nalo kwa sauti, kama wenzake wa kituoni. Yupo Rama, kaandika Rama Drama. Yupo Freddy, kaandika Freddy Ready. Yupo Mudi, huyu kaandika Moody peke yake, kwa herufi za dhahabu, akaona imetosha.

"Kila nikitafuta nakosa," alisema, kashata mkononi haijaumwa. "Juma na nini, jamani? Kiingereza kimenitupa."

Kila kijiwe kina mwalimu wake mstaafu. Wa kwetu alifundisha Kiingereza miaka thelathini kasoro, halafu akarudi mtaani kuongea Kiswahili kitupu. Akavua miwani. Akivua miwani ujue leo hamwondoki mapema.

"Bwana mdogo, unatafuta kina, lakini hujasema kina cha nani."

Maana kina nacho kina kwao. Mshairi wa Kiswahili hana makuu: anatazama silabi ya mwisho, basi. Juma inaishia na ma, kwa hiyo inakaa na mama, na homa, na kisima, na salama, na nusu ya majina ya mtaa wetu. Mwingereza ana ushuru zaidi. Yeye anaanza kuhesabu pale sauti inapokazwa, anakwenda nayo mpaka mwisho wa neno, na vyote viwe sawa. Juma inakazwa kwenye ju. Neno linalotaka kufunga ndoa ya Kizungu na Juma sharti lije na uma nzima. Mama anaishia getini.

"Sasa hayo yenye uma yapo?"

"Yapo." Mwalimu akahesabu kwa vidole. "Rumour. Humour. Tumour. Mwingereza wa London ile r ya mwisho haigusi, kwa hiyo kwake ni ruma, hyuma, tyuma. Ukifika Marekani wataikoroma na kina chako kitaharibika, lakini bajaji yako wewe haivuki Kigogo."

"Maana zake?"

"Uvumi. Mzaha. Uvimbe."

Benchi lote lilitikisika. Mtu wa bao aliyekuwa na kete mkononi alizitawanya, na mpinzani wake, aliyekuwa anaelekea kufungwa, akasema hapo mchezo umevunjika. Fundi saa akaanza kuigiza: mama wa watu anatoka hospitali kuangaliwa shingo, jua la saa nane, inasimama bajaji, anazunguka nyuma kusoma kabla hajapanda, anakuta Juma Tumour. "Si atarudi wodini mwenyewe?"

Juma hakucheka. Alikuwa anatafuna kashata polepole kama mtu anayetafuna hukumu.

Ni fundi saa huyohuyo aliyemwokoa, au alidhani amemwokoa. Akaruka: "Puma! Juma, Puma! Kuna viatu, kuna vituo vya mafuta, kuna mnyama mwenyewe anaruka. Unataka nini tena?"

Nikamwona Juma anang'aa usoni. Juma Puma. Akalitamka mara mbili, akalisogeza mbali kwa mkono kama anaona tayari limekaa kwenye kioo. Na hapo, kusema kweli, kaingia kwenye mkumbo wa watu wazito. Huko Ujerumani, katika mji mdogo wa Herzogenaurach, walikuwapo ndugu wawili wa ukoo wa Dassler, washona viatu. Wakagombana, wakagawana. Mdogo mtu, Adolf, ambaye nyumbani wakimwita Adi, akachukua hiyo Adi, akaiunga na Das ya ukoo, ikawa Adidas. Kaka mtu, Rudolf, naye mwaka 1948 alifanya mchezo huohuo: Ru ya Rudolf, Da ya Dassler, Ruda. Lisemeni, Ruda. Lina sauti ya gunia linalodondoka. Hakukaa nalo sana, akalibadilisha likawa Puma. U na a, u na a. Sauti zilezile za jina lake zimevishwa ngozi ya mnyama. Bwana mzima mwenye kiwanda, na shida yake haipishani na ya Juma na bajaji yake.

"Ila Puma si Kiingereza," mwalimu akasema.

"Unasemaje?"

"Ni neno la Wakechua, watu wa milima ya Andes, Peru huko. Wahispania walilichukua kwa Wakechua, Waingereza wakalipata kwa Wahispania. Na mnyama mwenyewe haishi Afrika. Yuko Amerika, kuanzia Kanada mpaka kusini kabisa ya Chile. Sisi huku tuna duma."

Kimya kidogo.

"Duma," mwalimu akarudia, akitazama kama kuna atakayesikia. "Ju-ma. Du-ma. Kina cha Kiswahili kimo, kina cha Kizungu kimo, herufi moja tu imebadilika. Mnyama mwenye mbio kuliko wote wa nchi kavu, na yuko Serengeti."

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nilishaanza kutafuta mia zangu za kahawa. Juma akafinya uso kama amepewa chai isiyo na sukari.

"Duma ni Kiswahili, mwalimu. Nani atageuka kuangalia?"

Msonyo wa pili ulikuwa wangu, na siuombei radhi. Hivi mtu anaitwa Juma, anazaliwa Magomeni, anaendesha abiria wanaosema "nishushe hapo kwenye mwembe", halafu mnyama wa kwao hafai kwa sababu abiria watamwelewa! Kama tatizo ni kueleweka, basi kina kiko chekwachekwa. Juma Chuma. Juma Huruma, ila huyo abiria wote watataka wapunguziwe nauli. Juma Nyuma, na kweli maandishi yenyewe yako nyuma. Tulimmwagia yote hayo, akatikisa kichwa kwa yote.

"Nyie mnalitafuta," dada Tatu akaingilia. Yeye huwa na karai lake la vitumbua pembeni ya kahawa na kijiti cha kugeuzia, na masikio anayo huku kwetu muda wote. "Mimi lilinitafuta lenyewe."

Akasimulia, huku anageuza. Alipita Mzungu mmoja kijana, kanunua vitumbua vitatu, akauliza jina kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Akajibiwa Tatu. Yule kijana uso ukachanua, akakunja mkono wa shati mpaka begani, akamwonyesha joka lililochorwa kwa wino wa kijani, limefungua mdomo. Akawa anajipiga begani na kumnyooshea kidole: tatu, tatu! Dada Tatu akadhani anadai kitumbua cha tatu. "Nikamwambia vyote umekwisha pewa, baba, hesabu." Mpaka kijana wa duka la simu alipokuja kutafsiri kwamba kwao mchoro wa ngozi unaitwa hivyo.

"Kwa hiyo mama alinizaa wa tatu, Wazungu wamenifanya joka."

"Na Wazungu nao hawakulizaa," mwalimu akasema, na sasa tukaanza kumtazama kwa mashaka, maana hii ilikuwa mara ya pili. "Tattoo ni neno la visiwani, Bahari ya Pasifiki. Nahodha James Cook alifika Tahiti mwaka 1769, akakuta watu wanajichora, akaandika kwenye daftari lake neno lao kama alivyolisikia."

"Mdogo wangu anaitwa Tabu," dada Tatu akasema, kama mtu anayetega.

"Huyohuyo Cook! Mwaka 1777, Tonga. Kaambiwa hiki msile, pale msikae, ni tabu. Akaondoka na neno. Leo taboo ni Kiingereza cha wasomi, maana yake mwiko."

Ebo! Dada na mdogo wake, wamezaliwa chumba kimoja, mmoja kapewa jina kwa hesabu ya watoto, mwingine kwa sababu mama aliumwa uchungu siku mbili, na majina yote mawili yanafanana na maneno yaliyoingia Kiingereza kupitia nahodha mmoja. Ukimsimulia mtu atakwambia lazima kuna siri, lazima mababu walisafiri. Hakuna siri. Tatu yetu ni ya Kibantu, ya kuhesabia, na tabu yetu imetoka kwa Waarabu, ya mashaka na uchovu. Yale ya kule yametoka kule. Yamegongana njiani kama watu wawili waliovaa kitenge cha aina moja kwenye harusi, hawajuani, kila mmoja anamkasirikia mwenzake.

"Na huyo Cook aliishia wapi?" fundi saa akauliza.

"Aliuawa Hawaii, 14 Februari 1779, kwenye ugomvi na wenyeji."

"Alichukua na kule neno?" dada Tatu akasema, akaopoa kitumbua.

Halafu Waingereza wenyewe wana tattoo nyingine, isiyo na udugu na hiyo ya ngozi. Ni ya ngoma na gwaride, lile onyesho la kijeshi la Edinburgh lina jina hilo, na hiyo waliipata kwa Waholanzi: ngoma inapigwa jioni kuwaambia wenye vilabu wafunge bomba la pombe, askari warudi kambini. Bomba lifungwe, ndiyo maana yake ya asili. Kwa hiyo hata nyumbani kwao wana tattoo mbili zisizojuana, na hawajafa. Sisi nasi tuna mwiko wa kusongea ugali na mwiko wa wazee, na sijawahi kusikia mtu kachanganya akaogopa kula.

Hapo watu wakachangamka, kila mmoja akaleta jina la ndugu yake kama anapeleka redio kwa fundi. Salimu je? Vijana wanaandika Slim, maana mwembamba wa kupendeza. Mwalimu akasema slim ni mali ya Waholanzi, na zamani ilikuwa na maana ya kitu kibovu, kilichopinda. Leo kwa Mholanzi ni mtu mwerevu. Siti? Hilo nililileta mimi, kwa sababu shangazi yangu anaitwa Siti na hapandi daladala bila kusumbuka. Konda anapiga kelele mlangoni "siti moja, siti moja imebaki", na yeye anageuka. Siti hiyo ya kiti tumeipata kwa Waingereza, nao waliletewa na mabaharia wa Skandinavia walioteka pwani zao. Siti ya shangazi ni bibi, mwanamke wa heshima, na hakuna anayeujua uzito wake kama Wazanzibari, maana Siti binti Saad hakuzaliwa nalo. Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Akaja kupewa Siti kwa sauti yake, na mwaka 1928 sauti hiyo ikavuka bahari mpaka Bombay kurekodiwa kwenye santuri. Kutoka Mtumwa mpaka Siti, hiyo ndiyo safari ya jina. Halafu leo konda anakwambia imebaki moja, ya kukunja.

Fatuma hakutajwa na mtu. Nilingoja atajwe, hakutajwa, nami nikanyamaza kwa muda, maana kuna jambo.

Kidato cha kwanza, shule siitaji, darasa letu lilipata kamusi yake ya kwanza ya Kiingereza. Wengine labda waliitumia kutafuta maneno ya kitabuni. Sisi tuliipitisha kwenye daftari la mahudhurio, jina kwa jina, tukitafuta nani anafanana na nini. Zaituni hakupata kitu, akanuna. Bakari akawa Bakery, akafurahi sana, akawa anatudai mikate. Seif, ambalo kwa Kiarabu ni upanga, likawa Safe, tukampa atunze hela za mpira, na hela hazikuonekana tena. Fatuma akawa Fat. Alikuwa mwembamba kama kijiti cha ufagio, ndiyo maana tuliona inachekesha zaidi. Jina lilimganda mpaka kidato cha nne. Mapumziko akawa anakaa peke yake chini ya mkorosho, na ikifika saa ya mahudhurio anaitika kabla mwalimu hajamaliza kulisoma, ili lisisikike lote. Aliyekuwa ameshika kamusi siku ile ni mimi.

Nikawaambia kijiweni. Hakuna aliyecheka. Mzee wa kahawa akanitazama tu.

"Unajua," mwalimu akasema baada ya muda, "tangu tuanze leo, kati ya yale niliyoyafuatilia asili yake, hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza kitupu. Puma la Wakechua. Tattoo la Tahiti. Taboo la Tonga. Slim la Waholanzi. Rumour, humour, tumour ni Kilatini, kimepita Ufaransa. Safe vilevile. Fat ni lao wenyewe, tangu enzi zao za kale."

"Na Moody?" Mudi mwenyewe alikuwa amefika, kaegesha bajaji yake ya herufi za dhahabu kinyume na barabara. Alikuwa hajui kwamba Kiingereza kimemwandika mtu wa kununanuna, na hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kumwambia tangu Ramadhani iliyopita.

"Moody ni la kwao pia."

"Maana yake?"

Tukatazamana. Mwalimu akavaa miwani, akavua tena. "Zamani, Kiingereza cha kale kabisa, lilikuwa na maana ya jasiri. Mtu shupavu."

"Sasa hivi je?"

"Kunywa kahawa, Mudi."

Juma alikuwa bado pale, na shida yake bado pale. Safari hii aliuliza kwa upole, kama mtu aliyechoka kubahatisha. "Basi nitafsirieni tu. Nisitafute kufanana. Juma kwa Kiingereza ni nani?"

Ni swali zuri kuliko lile la kwanza. Juma ni mtoto aliyezaliwa Ijumaa, kama Mwajuma, na Ijumaa yenyewe ni siku ya watu kukusanyika. Mzizi wake kwa Kiarabu ndio huo. Kwa hiyo ukilisukuma ng'ambo linatua kwenye Friday. Na Friday nayo ina mwenyewe: ni siku ya Frigg, mungu wa kike wa watu wa kaskazini ya Ulaya zamani hizo. Lakini mtu mwenye jina hilo anayejulikana zaidi kwenye vitabu vyao ni yule wa Robinson Crusoe, kitabu cha Daniel Defoe cha mwaka 1719. Mtu mmoja anaokolewa asiuawe, siku ya Ijumaa. Crusoe anamwita Friday papo hapo, anamfundisha amwite yeye bwana, na kazi inaanza. Jina ambalo mama yake alimpa yule mtu halimo kitabuni, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

"Hilo sitaki," Juma akasema.

Wa kuleta jibu akawa mzee wa kahawa. Kwanza alisafisha kikombe, akakipangusa, akakiweka. Redioni ulikuwa unapigwa muziki wa Kikongo, gitaa linatembea taratibu, na ndio uliomfungua mdomo.

"Mwalimu, huyu Koffi anayeimba. Olomide. Kwa nini mtu wa Kongo aitwe kahawa?"

Mwalimu akapiga goti lake kwa furaha, nikaogopa ataanguka benchini. Kwa sababu, akasema, Kofi si kahawa. Kofi ndiye Juma.

Kule Ghana, kwa Waakani, kila mtoto anazaliwa na jina la siku yake. Mvulana wa Jumamosi ni Kwame, ndiyo maana Nkrumah akaitwa hivyo. Mvulana wa Ijumaa ni Kofi. Koffi Olomide alizaliwa Kisangani tarehe 13 Julai 1956, na ilikuwa Ijumaa. Kofi Annan, yule aliyeongoza Umoja wa Mataifa tangu 1997 mpaka 2006, alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, Ijumaa pia, na hakuzaliwa peke yake. Walikuwa pacha, yeye na dada yake, na dada akaitwa Efua, ndilo jina la msichana wa siku hiyo. Kofi na Efua. Juma na Mwajuma, mtu na pacha wake, wamezaliwa maili maelfu kutoka Magomeni kwa watu wasiojua neno moja la Kiswahili, na wamepewa jina kwa akili ileile iliyompa jina huyu bwana wa bajaji. Na Kofi na Juma hayafanani hata herufi. Uyaweke sikio kwa sikio hutasikia kitu.

Sikio la Mzungu lilimsikia Annan kama coffee na likaona limeelewa. Sikio letu nalo halikuwa bora zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Wakenya walipokuwa wanachinjana baada ya uchaguzi, akaja Nairobi kusuluhisha, akakaa nao mpaka Kibaki na Raila wakatia saini tarehe 28 Februari. Wiki zote zile vijiwe vya Afrika Mashariki, na hiki chetu kimo, vilikuwa na mzaha mmoja tu: wazee wamegombana, dunia imewaletea kofi. Tulicheka kweli. Kumbe aliyeletwa ni Juma.

"Lakini kahawa," mzee akasema, hakuwa ameridhika, "kahawa yangu mimi. Na hiyo coffee yao."

Hapo ndipo penye utamu. Waarabu waliiita qahwa. Sisi pwani tukaichukua kwao moja kwa moja, kahawa, bila kuichubua. Waturuki wakasema kahve, Waholanzi wakasema koffie, na mpaka inamfikia Mwingereza imenyolewa ndevu imekuwa coffee. Kahawa iliyo kwenye birika la mzee na coffee ya London ni watoto wa mama mmoja, na hawafanani hata pua. Kofi na coffee wanafanana mpaka unaogopa, na hawajawahi kukaa mtaa mmoja.

Mzee akalitazama birika lake la shaba kama limemficha jambo miaka yote hiyo. Akamimina, akanywa mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea mbele yetu.

Juma aliondoka bila kuaga. Tukasema kakasirika. Dada Tatu akasema hakukasirika, kaenda kwa fundi wa stika, kamwona anahesabu herufi kwa vidole. Fundi yule anatoza kwa herufi, na mwanzo wa mwezi hakopeshi.

Siku tatu baadaye alirudi, akaegesha mgongo wa bajaji ukitutazama. Herufi nne, nyekundu, zenye ukingo mweupe, zimechukua kioo kizima: KOFI.

Nilitaka kusonya, ulimi ukakataa. Mudi akamuuliza kama ameanza ngumi. Fundi saa akamuuliza kikombe shilingi ngapi. Juma akanunua kahawa, akasema asubuhi hiyo peke yake watu watatu wamekwisha uliza. Mmoja alidhani ni jina la mtoto wake. Mwingine, mama mwenye mizigo ya Kariakoo, alikataa kupanda kabisa mpaka aelezwe. Wa tatu ni trafiki. Alimsimamisha pale Mapipa, akazunguka nyuma, akasoma, akarudi mbele taratibu, mikono nyuma.

"Kofi la nani?"

"La Ijumaa, afande."

"Leo Jumanne," afande akasema, akaomba leseni.